Upinde wa Madrasa: Tuutengeneze Wenyewe

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.



Suala lililo mbele ya kamati ya madrasa yetu ni hili: je, katika likizo ndefu ijayo, wanafunzi wetu wakubwa waruhusiwe kutengeneza pinde na kujifunza kulenga shabaha? Ombi limetoka kwa wanafunzi wenyewe baada ya masomo ya Sira kuhusu vita vya Uhud. Wazazi wamegawanyika. Wako wanaosema hii ni sunna, tunachelewa nini? Wako wanaosema hiyo ni silaha, na silaha haina nafasi katika chuo cha Qur'ani. Na liko kundi la tatu linalosema: kama ni lazima, basi zinunuliwe pinde za dukani, tuepuke usumbufu.

Sisi tuna rai yetu, na tunaiweka hapa jaridani ili kila mmoja aisome kwa utulivu kabla ya mkutano wa wazazi. Rai yetu ni kwamba pinde zitengenezwe, zitengenezwe hapa hapa kwetu, na kila anayetaka kurusha mshale aanze kwanza kwa kushika randa na msasa.

DINI INASEMAJE?

Katika Suratul Anfal, aya ya 60, Allah (S.W.) anawaamrisha Waumini wajiandae kwa nguvu kadiri wawezavyo. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliisoma aya hiyo akiwa juu ya mimbari, akaifasiri nguvu hiyo kuwa ni kurusha, na akalikariri jambo hilo mara tatu. Uqba huyu huyu, alipokuwa mtu mzima mwenye umri mkubwa, alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili. Alipoulizwa kwa nini anajitaabisha na uzee ule, alieleza kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akimlaumu vikali mtu anayejifunza kurusha kisha akauacha ujuzi wake.

Katika Sahih Bukhari, Salama bin al-Akwa (R.A.) anasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga. Aliwahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail (A.S.) alikuwa mrushaji. Aliposema kuwa yeye yuko pamoja na kundi mojawapo, kundi la pili lilisita kurusha. Alipojua sababu, aliwaambia waendelee, yeye yuko pamoja nao wote. Wanafunzi wetu wa kandanda, ambao kila Ijumaa jioni huja kwetu na mashitaka ya refa, waitazame vizuri adabu iliyomo ndani ya kisa hiki.

Lakini iliyotufikirisha zaidi ni hadithi iliyomo katika Sunan za Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, inayoeleza kuwa kwa mshale mmoja Allah (S.W.) huwaingiza watu watatu Peponi: aliyeutengeneza akitaraji kheri katika kazi yake, aliyeurusha, na aliyemkabidhi mrushaji. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya daraja ya sanadi yake, kwa hiyo hatuijengei hukumu. Tunaichukua kwa mazingatio tu. Mazingatio yenyewe ni haya: fundi ametajwa, na ametajwa na nia yake. Sisi tunapozungumza juu ya kurusha tunamfikiria yule anayesimama mbele ya watu akivuta ugwe. Aliyekaa karakana miezi, mikono imejaa gundi, hatumfikirii kabisa.

UMMA ULIOJUA KAZI YA MIKONO

Historia yetu inamjua fundi huyo. Waturuki wa dola ya Uthmaniya walitengeneza pinde ambazo mpaka leo mafundi wa dunia wanazichunguza. Upinde wao ulikuwa wa tabaka tatu. Katikati mliwekwa ubao mwembamba. Upande unaomtazama mrushaji palibandikwa pembe ya nyati, kwa sababu upande huo hugandamizwa upinde unapovutwa. Upande unaoitazama shabaha palibandikwa nyuzi za kano za mnyama, kwa sababu upande huo hunyooshwa. Gundi yao ilichemshwa kutokana na kano na sehemu za samaki. Kazi hiyo ilichukua mwaka mmoja na zaidi, kwani kila tabaka ilibidi ikauke sawasawa kabla ya kuendelea.

Mjini Istanbul palikuwa na uwanja maalumu, Okmeydanı, wenye chuo cha warushaji, na pale waliposhindania masafa waliweka mawe ya kumbukumbu. Mrushaji wao mashuhuri, Tozkoparan İskender, anakumbukwa kwa mshale uliokwenda zaidi ya mita 800. Mwaka 1836 Mustafa Kani aliandika kitabu kueleza utengenezaji na urushaji, kwa amri ya Sultani Mahmud II. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza urushaji wa jadi wa Kituruki katika orodha ya turathi za wanadamu. Tunayataja haya ili mwanafunzi ajue kuwa anachokiomba kina elimu kamili nyuma yake: hesabu, kemia, useremala na adabu.

UPINDE TUNAOUZUNGUMZIA

Upinde ambao wanafunzi wameuomba ni wa aina ya kisasa inayotengenezeka nyumbani. Ncha zake zimepinda kwenda mbele, kama zile za Waturuki, na mikono yake miwili hufunguliwa kwa bolti kutoka kwenye mshikio wa katikati. Hebu tueleze kwa ufupi unavyotengenezwa, maana wengi wanaoupinga na wengi wanaoushabikia hawajui kazi iliyomo.

Kwanza hukatwa kalibu ya mbao nzito au playwudi yenye umbo la mkono wa upinde. Makosa ya kalibu huhamia kwenye kila mkono utakaotoka humo, kwa hiyo husuguliwa mpaka kidole kisihisi bonde wala kilima. Kisha hupasuliwa vipande vyembamba vya mbao au mianzi, ambavyo nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Vipande hivyo hupunguzwa unene taratibu kuelekea kwenye ncha. Lazima viwe vimekauka. Katika mwambao wetu wenye unyevunyevu, ubao uliolazwa nje usiku mmoja unaweza kuharibu kazi ya wiki.

Pili, vipande hupakwa gundi ya epoksi na kupangwa tabaka juu ya tabaka, vikifunikwa juu na chini kwa ukanda wa fibaglasi wenye unene wa milimita moja hivi. Hapa tunaona hekima ya mafundi wa zamani ikirudi: fibaglasi imechukua nafasi ya pembe upande mmoja na nafasi ya kano upande wa pili. Mmarekani Fred Bear alikuwa miongoni mwa walioieneza fibaglasi kwenye pinde kufikia miaka ya 1950. Ila ifahamike kuwa fibaglasi ya kuzibia boti haifai. Nyuzi za ile ya boti hukatana huku na huku, wakati ya upinde zote hulala kwa urefu. Hii ndiyo bidhaa itakayobidi kuagizwa, na ndiyo gharama kubwa ya kazi nzima. Mengine, kama mninga au mvule wa mshikio, hupatikana katika mabaki ya karakana za maseremala wetu.

Tatu, tabaka zote hugandamizwa kwenye kalibu kwa vibano, au hufungwa kwa mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu na kuvutwa kwa nguvu. Kisha huachwa mpaka gundi ikomae. Wengine huweka kalibu ndani ya sanduku lililopashwa joto kwa balbu za umeme. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tabaka zikishakauka katika umbo lake, hutazikunja tena kwa umbo jingine.

Nne, na hapa ndipo subira inapopimwa, mikono miwili hulinganishwa. Fundi hufunga ugwe, hutazama upande upi unakunja zaidi, hupunguza kidogo kwa msasa upande ulio mgumu, kisha hupima tena. Mwanafunzi ajiulize kwa nini kidogo kidogo. Jawabu limo katika hesabu: ugumu wa mkono hufuata unene uliozidishwa mara tatu kwa nafsi yake. Ukichukua unene wa 10, utapata 10 × 10 × 10, yaani 1,000. Ukiuongeza ukawa 11, utapata 11 × 11 × 11, yaani 1,331. Kwa hiyo nyongeza ya sehemu moja ya kumi katika unene inaongeza ugumu kwa takriban theluthi nzima. Na ukipunguza hovyo, unapoteza kwa kasi hiyo hiyo, na hakuna msasa unaorudisha ubao uliokwisha kuwa vumbi.

HOJA ZA WAZAZI

Tumezisikiliza hoja za wanaopinga, na hatuzidharau.

Hoja ya kwanza ni kwamba watoto watapoteza muda wa Qur'ani. Ni hoja ya haki, na jibu letu ni kuwa kazi hii iwe ya likizo na alasiri ya Jumamosi tu. Asiyemaliza hifdhi yake ya wiki asiingie karakana. Mzazi anayejua namna kijana wake anavyotumia alasiri ya Jumamosi hivi sasa, mbele ya simu, atapima mwenyewe kipi kinapotea.

Hoja ya pili ni kwamba zama za upinde zimepita, na nguvu ya leo ni elimu, udaktari, kompyuta na uchumi. Tunakubali. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa nguvu iliyoamrishwa inaingiza kila chombo chenye manufaa katika zama zake. Lakini tuulizane, nguvu gani imepungua kwa vijana wetu? Tunao waliofaulu mitihani vizuri ambao hawajawahi kutengeneza kitu hata kimoja kwa mikono yao tangu mwanzo mpaka mwisho. Kiti kikivunjika madrasani tunaita fundi. Kijana aliyekaa wiki nane akisugua ubao kwa kipimo cha nusu milimita ataipeleka tabia hiyo kwenye upasuaji, kwenye umeme au kwenye ujenzi, popote Allah (S.W.) atakapomjaalia riziki.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na wengine huisema kwa kunong'ona. Tangu miripuko ya tarehe 7 Agosti 1998 ya Nairobi na Dar es Salaam, na mengine yaliyofuata duniani, madrasa zimekuwa zikitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Mzazi anauliza: mnataka watu waseme tunafundisha watoto silaha? Hofu hii ni ya kweli, na anayeicheka hajalea mtoto. Lakini sisi tunaona dawa yake ni uwazi. Kurusha mishale ni mchezo unaojulikana. Ulirejeshwa katika Olimpiki mwaka 1972 na umo mpaka leo. Shule ngapi duniani zina uwanja wa mchezo huu na hakuna anayeshituka? Tukiufanya mchana, katika uwanja wa wazi, kwa taarifa kwa serikali ya mtaa na kituo cha polisi, na jirani zetu Wakristo wakaalikwa waje watazame, kitabaki nini cha kunong'onwa? Na kama mamlaka zitasema hapana, basi itakuwa hapana, na wanafunzi watajifunza utiifu wa sheria badala ya kulenga shabaha.

Hoja ya nne ni ya wale wa dukani. Hawa tunawaambia: upinde wa kununuliwa utamfundisha kijana kurusha, na hakuna ubaya wake. Lakini atakayeutengeneza hatauchezea. Anajua kila tabaka iliwekwa lini na nani. Tena upinde unaofunguka una faida ambayo familia zetu zitaipenda. Kijana anapokua na kupata nguvu, hubadilishiwa mikono tu na mshikio unabaki ule ule; ile mikono miepesi humrithisha mdogo wake. Mkono mmoja ukivunjika, hutengenezwa mwingine, na upinde wote hautupwi.

MASHARTI TUNAYOPENDEKEZA

Hatuombi ruhusa ya jumla jamala. Tunaomba ruhusa yenye masharti, na tungependa masharti haya yaandikwe katika muhtasari wa kamati.

1. Kazi isimamiwe na fundi seremala mzoefu pamoja na mwalimu, na ridhaa ya mzazi itolewe kwa maandishi. Vumbi la fibaglasi linadhuru mapafu, na gundi ya epoksi inadhuru ngozi. Kwa hiyo pasiwe na kusugua bila barakoa wala kupaka gundi bila glavu.

2. Upinde usizidi nguvu ya ratli 20 hadi 25 kwa wanaoanza. Vijana hupenda kushindana nani anavuta mzito, na wengi huumia mabega kwa sababu hiyo.

3. Hakuna kuachia ugwe bila mshale. Nguvu iliyokuwa iondoke na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde, nayo yaweza kupasuka usoni mwa aliyeushika.

4. Shabaha iwe gunia lililojazwa vizuri, nyuma yake pawe na kinga ya udongo, na pasiwe na njia ya watu. Kiumbe hai kisifanywe shabaha kamwe, awe kunguru, paka au mjusi. Hili Mtume (S.A.W.) amelikataza waziwazi, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Wala asiwepo atakayefikiria kuingia porini. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa sheria za nchi yetu.

5. Anayemwelekezea mwenzake mshale, hata kwa mzaha, aondoke siku hiyo na asirudi msimu huo. Bukhari na Muslim wamepokea katazo la kumwelekezea ndugu silaha, kwa kuwa Shetani aweza kuuvuta mkono. Na wamepokea kuwa mtu aliyepita msikitini na mishale aliamrishwa ashike kwenye vyembe vyake asije akamjeruhi Muislamu. Kama tahadhari hiyo iliwahusu Maswahaba, sisi ni nani tusihadhari?

6. Binti zetu nao wapewe zamu yao, kwa siku zao na mwalimu wao wa kike. Waandishi wa Sira wanaeleza jinsi Nusaiba bint Kaab (R.A.) alivyosimama Uhud akimkinga Mtume (S.A.W.) kwa upanga na upinde. Hatuoni sababu ya kumfundisha binti kisa hicho kisha tukamwambia karakana si mahali pake.

NENO KWA WANAFUNZI

Nanyi wanafunzi mlioleta ombi hili, msidhani tumesimama upande wenu katika kila kitu. Mliuliza juu ya Uhud, basi ukumbukeni mwisho wake. Mwaka wa 3 Hijria Mtume (S.A.W.) aliwaweka warushaji 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubair (R.A.), akawaamrisha wasiondoke mahali pao. Wengi wao walipoona ushindi umekaribia waliteremka kufuata ngawira. Abdullah na wachache walibaki wakauawa, na hali ya vita ikageuka. Upungufu wa siku ile haukuwa katika pinde zao wala katika shabaha zao. Walijua kulenga. Kilichowashinda ni kukaa mahali walipoambiwa wakae.

Kwa hiyo tutawatazama katika kusugua. Atakayekimbilia kufunga ugwe kabla gundi haijakomaa, atakayeacha kufagia karakana akitegemea mwenzake, atakayemnyang'anya mdogo zamu yake, huyo ametuonyesha kuwa bado hajafika kwenye mshale. Na atakayemaliza mikono miwili iliyolingana, akampa mwenzake atangulie kurusha, huyo hata shabaha ikimkosa tutamhesabu amefuzu.

Wazazi, tunawaomba mje mkutanoni. Mwenye hoja tusiyoijibu hapa aje nayo. Mwenye vipande vya mninga vilivyolala uani, mwenye vibano, mwenye jiliwa au msumeno mzuri wa kuazimisha, naye aje navyo, ili kamati ikiamua ndiyo tusianze kwa kutafuta vifaa. Ikiamua siyo, vifaa hivyo vitarekebishia madawati ya darasa la pili, ambayo yanangoja tangu mwaka jana.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuongoze kwenye lililo sawa, awahifadhi watoto wetu na kila shari, na azifanye kazi za mikono yao ziwe ibada kwa nia njema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.